Akiba ya Chini ya Kitanda

Anayetaka kuficha chakula katika nyumba zetu za Ngamiani, Tanga, aanze kwa kutazama juu. Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, baraza mbele na uani nyuma. Lakini kuta za vyumba hazifiki kwenye bati. Ukuta unapanda hadi usawa wa boriti, unakoma, na hapo juu kuna uwazi ambamo hewa ya nyumba nzima inapita bila kubisha hodi. Mlango unaweza kuutia komeo, pazia ukalishusha, ufunguo ukauficha kifuani. Ukimenya chungwa katika chumba cha mwisho, mgeni aliyekaa barazani atameza mate. Waliojenga hivyo hawakukosea, maana bila uwazi ule joto la kaskazi lingetuivisha. Ila hawakumfikiria mama mkwe wangu.

Mama ana sukari, na ameishi nayo muda mrefu kwa vidonge na kwa ubishi. Vidonge viliposhindwa akahamishiwa kwenye sindano, na kabla ya Ramadhani ya 2024 kuandama daktari alimwambia wazi kwamba mwaka huo hafungi. Akamweleza na sababu: insulini ikishaingia mwilini inaishusha sukari umekula au hujala, na kutoka alfajiri hadi magharibi ni zaidi ya saa 13. Mama alimsikiliza kwa adabu zote, akatoka pale akaenda moja kwa moja kwa shekhe kukata rufaa. Shekhe naye akamrudisha kwa daktari. Aya iko wazi, alimwambia, mgonjwa ana ruhusa, na ambaye ugonjwa wake hautarajiwi kuondoka atoe kibaba cha nafaka kwa kila siku, alishe maskini. Mama alirudi nyumbani amewakasirikia wote wawili.

"Nimefunga tangu sijavunja ungo," alisema, huku akivua buibui kwa hasira. "Nimefunga na mimba, nimefunga na homa. Leo nikae nitafune mchana mbele ya wajukuu niliowafundisha mwenyewe?"

Mume wangu, ambaye kwa mama yake hana sauti, alinitazama mimi. Yakafanyika mapatano pale kitandani, sauti chini kwa sababu ya ule uwazi wa juu. Mama atakula, ila asijue mtu. Tukauliza mtu ni nani. Mtu ni wajukuu. Mtu ni majirani. Na mtu hasa ni wifi yangu.

Wifi huyu alirudi nyumbani baada ya kuachika, na tangu arudi ndiye mlinzi wa saumu ya nyumba nzima. Watoto wakitia udhu mchana anasimama kando ya karo akitazama koo zao, koo ikipanda na kushuka anataka maelezo. Anajua nani ameswaki akarefusha. Akipita ukumbini saa tisa alasiri anasimama ghafla, pua juu, akauliza, "Nani kafungua maziwa?" Na kweli, mtu atakuwa kafungua maziwa. Hilo si karama yake peke yake. Tumbo tupu hutia kwenye damu homoni iitwayo ghrelini, na watafiti waliowapima watu na panya wameona kuwa inaongeza ukali wa pua. Kwa hiyo nyumba yenye watu wanane waliofunga si nyumba ya kawaida, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kulisha mtu wa tisa katikati yao bila kunuswa.

Amri ya kwanza niliyojiwekea ni kwamba hakuna cha moto. Harufu ni chembe za chakula zinazoruka hewani, na joto ndilo linalozirusha. Kinachochemka kinajitangaza, kilichopoa kinanyamaza. Tena jiko likiwashwa saa nne asubuhi mwezi wa Ramadhani, hilo lenyewe ni tangazo. Basi chakula chote cha Mama cha mchana kingepikwa usiku wa daku, mseto wa harufu ukiwa mkubwa, kikapoa, kikaliwa baridi.

Kisha nikaanza kuchuja.

Dagaa walitoka wa kwanza, na hapo nilimvunja Mama moyo, kwa sababu duniani hakuna anachokipenda kuliko dagaa waliokaangwa wakakauka, na ndimu pembeni. Lakini shombo haina mjadala. Samaki wa bahari ana kitu mwilini kinachomsaidia kuishi katika chumvi, na akifa bakteria hukigeuza kuwa trimethilamini, ambayo ndiyo ile harufu inayomfanya paka wa mtaa wa tatu ainuke. Kumkausha dagaa hakuiondoi. Kunaituliza tu, ikisubiri mate.

Yai la kuchemsha lilionekana la adabu: dogo, limefungwa na Mungu mwenyewe, halihitaji mfuko. Lakini ukilisahau jikoni, salfa ya ute inakutana na chuma cha kiini, kiini kinaota ukingo wa kijani, na ukilimenya chumbani utaona watu wanatazamana. Hata likiivishwa kwa kipimo bado linasema neno. Likatoka. Ndizi mbivu ikatoka bila kesi. Chungwa, ambalo kwa mwenye sukari iliyoshuka ni dawa nzuri, nalo likatoka kwa sababu ya ganda lake, ambalo limejaa vifuko vya mafuta vinavyopasuka kwa kuguswa na ukucha tu. Tango nililidharau nikidhani ni maji matupu, kumbe ukilikata linanuka ubichi hadi ukumbini. Kitunguu saumu kinakaa kimya siku zote alimradi hakijapondwa. Kikipondwa, vitu viwili vilivyokuwa vimetengwa ndani yake vinakutana na harufu inazaliwa papo hapo. Nikaamua kunde za Mama zipikwe kwa chumvi peke yake, jambo ambalo alilichukulia kuwa ni dharau kwa ukoo wao.

Mchele ndio ulionifedhehesha. Sisi nyumbani tunakula mchele wa Kyela, na sifa ya mchele ule ni kunukia. Watu wanaulipia harufu kabla hawajalipia punje. Umepoa, umefunikwa, bado unanukia. Nikaenda dukani nikauliza kama kuna mchele usionukia. Muuza duka aliacha kupima, akaweka kijiko cha mizani chini.

"Usionukia kabisa, dada?"

"Kabisa."

"Umegombana na nani?"

Niliondoka na kilo moja ya mchele wa zamani uliokaa ghalani hadi ukasahau asili yake, na kwa muda mrefu kila nikipita pale yule bwana alikuwa akimnong'oneza mwenzake.

Baada ya mchujo walibaki wachache: muhogo wa kuchemsha, kunde za chumvi, vipande vya kiazi kitamu, korosho zisizokaangwa na viungo, mkate wa mofa aliotuletea ndugu kutoka Lamu, na huo mchele mtiifu. Muuguzi wa kliniki alinipangia vipimo, kwa sababu muhogo na kiazi navyo ni wanga, na mwenye sukari hali sahani moja ya wanga akalala. Kunde zizidi, muhogo upungue.

Hicho kilikuwa chakula cha kawaida. Cha dharura ni habari nyingine, na watu wengi huvichanganya. Sukari ikishuka chini ya 4 kwenye kipimo, mtu hahitaji kushiba. Anahitaji sukari ifike kwenye damu upesi. Kliniki walisema gramu 15: vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji, au nusu kikombe cha soda ya kawaida. Unasubiri dakika 15, unapima tena, ikiwa bado chini unarudia. Ikishapanda ndipo anakula chakula. Na haya yote ni kwa mtu anayejitambua na anayeweza kumeza. Aliyezimia hatiwi kitu mdomoni, anakimbizwa hospitali. Mume wangu alipendekeza karanga, kwa hoja kwamba hazinuki na zinatia nguvu. Muuguzi alikataa palepale: mafuta yanachelewesha tumbo kutoa chakula, na mgonjwa atakuwa chini sakafuni karanga zikiwa bado zinajadiliwa. Chokoleti nayo kesi yake ni hiyohiyo. Soda haina harufu ya kutisha, lakini kuifungua kimyakimya ni kipaji ambacho sijakutana nacho.

Tukabaki na sukari. Sasa mwenye kumbukumbu anajua sukari ilivyokuwa mwanzoni mwa 2024. Mvua za El Niño zilizuia viwanda kuvuna miwa, bei ikapaa, serikali ikatangaza bei elekezi, na maduka mengine ukiuliza sukari walikutazama kana kwamba umeomba mkopo. Wifi alikuwa ameifungia ile ya futari kabatini na ufunguo ameufunga kwenye pindo la kanga. Nikanunua yangu kwa siri, nikaifunga vijiko vitatu vitatu ndani ya vikaratasi, juu yake nikaweka tende, ambazo mwezi huo hazimtii mtu mashakani.

Kuna jambo ambalo hakuna aliyenitahadharisha nalo, nalo ni kwamba chakula kisichonuka kinaweza kupiga kelele. Bati la biskuti lilikuwa chaguo la kwanza la hifadhi. Mfuniko wake ukifunguka unasikika msikitini. Mfuko wa plastiki unachakarisha. Mwishowe nilikata kanga kuukuu nikashona vifuko, nikavipanga ndani ya ndoo ndogo yenye mfuniko laini, ndoo ikasukumwa chini ya kitanda nyuma ya sanduku la sanda ambayo Mama alijinunulia mapema na ambayo hakuna mtoto anayethubutu kuisogelea.

Mkate wa mofa ulituponza mapema. Ni mkate mkavu, unakaa, hauna makuu ya harufu. Unatakiwa kuloweshwa. Mama, ambaye meno yake ya juu ni ya bandia, aliona kulowesha ni uzee, akaung'ata mkavu. Mlio uliotoka ulipita juu ya kuta zote.

"Bibi, nini kimevunjika?" mtoto wa chumba cha pili akauliza.

Kimya kidogo. "Kitanda," akajibu Mama.

Wifi alishikilia kwamba mama yake asilale juu ya kitanda kilichovunjika usiku mwingine hata mmoja. Mume wangu akatumwa nyundo, akaingia chumbani, akapigapiga mbao nzima kwa muda wa kuaminika, Mama akiwa amekaa pembeni ameziba mdomo kwa leso, meno mkononi. Ukarabati ule ulikilegeza kitanda kweli, na hadi leo kinalia.

Kisha Mama, bila kunishauri, akaongeza mkakati wake mwenyewe: udi. Kila akitaka kula, kwanza anawasha chetezo. Kwa hesabu yake, pua zikishughulika na udi hazitakuwa na nafasi ya muhogo. Udi kwetu ni wa jioni, au wa usiku wa kuamkia Ijumaa. Moshi wa udi saa nne asubuhi, kila siku, ulikuwa jambo jipya, na wifi akalipinga kwa hoja ya dini.

"Mama, mchana wa Ramadhani kunusa manukato kunachukiza. Watu wamefunga humu."

"Nasafisha hewa," Mama akasema. "Hii masika inaleta uvundo."

Masika kweli yalikuwa yameanza, kwa hiyo hoja ikasimama. Lakini watoto si wajinga. Nilikuja kusikia baadaye kwamba moshi wa kwanza ukipanda tu, mkubwa wao alikuwa akiwaambia wenzake, "Bibi kaanza, punguzeni kelele." Udi uliotiwa kuficha mlo ukawa ndio kengele yake.

Waliotuumbua hasa hawakuwa binadamu. Sukari haina harufu kwa pua zetu, na kwa ujinga wa kibinadamu nikaona imefichika. Sisimizi hahitaji harufu ya mbali. Mmoja anazurura, anaikuta, anarudi kwao akiburuta tumbo na kuacha alama njia nzima, na wenzake wanaifuata alama hiyo, kila mmoja akiizidisha. Asubuhi moja kulikuwa na mstari mweusi ulionyooka kutoka uani, ukapita ukumbi wote katikati, ukakata kona mbele ya chumba cha wifi, ukaingia chini ya mlango wa Mama. Wifi aliusimamia ule mstari mikono kiunoni muda mrefu.

"Mama, kuna nini chini ya kitanda?"

"Sanda yangu," akajibu Mama. "Unataka kuiona?"

Wifi akaenda kuchukua majivu, akayamwaga mlangoni, hakuuliza tena. Wakati ule nilidhani tumeponea sanda.

Vikaratasi vya sukari vilikuwa vimeshaingiwa. Nilimwambia Mama nitavibadilisha jioni. Nilipokuja jioni akasema ameshashughulika navyo, na mimi, nikijua jinsi asivyopenda kufuatwafuatwa, nikadhani amevitupa na kuweka vingine kutoka kwenye akiba yake. Mtu wa kizazi chake hatupi sukari, na hasa kwa bei ile. Alikuwa ameikung'uta sisimizi, akaichukua yote, akaimimina kwenye sufuria ya uji wa futari wifi alipogeuka. Wote tuliusifu uji wa siku ile.

Wakati huohuo ndoo ilikuwa inapungua kwa namna isiyoeleweka. Korosho nilizopima zimtoshe Mama wiki zilikwisha mapema. Tende zikaenda. Mama aliapa kwamba yeye korosho hazigusi kwa sababu ya meno. Mume wangu akasema panya. Nikakagua: hakuna kinyesi, hakuna kilichoguguniwa, na kila kifuko kimefungwa kwa fundo zuri. Panya hafungi fundo. Tena fundo lenyewe si langu. Mimi nafunga moja, hili lilikuwa la mzunguko mara mbili.

Nilikuwa bado nachunguza mafundo ilipofika ile siku ya mvua. Wifi aliingia chumbani kwa mama yake asubuhi na msahafu, akasema mwaka huu wakhitimishe pamoja, akaketi. Juzuu ikafuata juzuu. Mama alikuwa amechoma sindano yake ya asubuhi na anasubiri binti atoke ale, binti hatoki. Kumwambia mtu anayesoma Kurani "toka nile muhogo" hakuwezekani kwa Mama. Akakaa, akaitikia, akasubiri. Wifi alipotoka kwenda kuswali adhuhuri, Mama alikuwa ameshapitiliza njaa, akajinyoosha kidogo tu.

Saa nane nilichungulia nikamkuta ameloa jasho, na chumba kilikuwa na baridi ya mvua. Mikono inatetemeka. Aliniita kwa jina la dada yake aliyekwisha kufariki. Nikachukua kipimo, nikamchoma kidole: 2.9. Nikaruka chini ya kitanda, sanda ikaenda kule, ndoo ikafunguka. Muhogo upo. Kunde zipo. Vikaratasi hakuna. Tende hakuna, wala kokwa. Kabati la sukari limefungwa. Nikapiga kelele ambayo nadhani ilisikika barabara mbili zaidi.

Wifi aliingia mbio. Alitazama uso wa mama yake, akatazama ndoo, hakuuliza kitu. Akatoka, akarudi na kopo lake la poda, lile la bluu linalokaa mezani kwake mwaka mzima. Akalifungua, akamimina unga mweupe kwenye kikombe, akakoroga na maji, akamshika mama yake kisogo.

"Wifi!" nilimshika mkono. "Unampa Mama poda?"

"Glukosi," alisema. "Niachie mkono."

Mama akanywa. Tukakaa pembeni yake tukisikiliza mvua kwenye bati, nami nikitazama saa ya simu hadi robo saa ikatimia. Tulipopima ilikuwa 4.7, na dalili ya kwanza kwamba amerudi ni kuuliza nani ameitupa sanda yake sakafuni. Nikampa muhogo na kunde. Alikula mbele ya wifi, na wifi alitazama pembeni.

Nikamfuata uani. Nilitaka kumshukuru, lakini udadisi ulitangulia. "Wifi, glukosi ndani ya kopo la poda, Ramadhani hii?"

"Siku zangu," akasema, akikamua kanga iliyolowa. "Ulidhani nakula wapi?"

Sikuwahi kufikiri. Nimekaa nyumba moja na mwanamke huyu, na mimi mwenyewe siku zangu zikifika nameza maandazi ya daku yaliyolala nikiwa nimejifungia bafuni. Lakini wifi nilimweka mbali na mambo hayo. Akanieleza pale pale, kwa ufupi wa mtu anayefundisha kazi aliyoizoea. Alianza kujificha kula tangu bwenini, shule ya wasichana. Glukosi ya unga kwenye kopo la poda, kwa sababu hakuna anayelamba poda. Biskuti za maji, zikivunjwa kabla ndani ya taulo ili zisipige kelele mdomoni. Maziwa ya unga yanalambwa makavu, yakikorogwa yananuka. Na mhusika anakula dirishani, upepo ukitoka nje, si kitandani. Ndoo ya mama yake aliijua tangu siku za mwanzo.

"Uliijuaje? Nilichagua vyote visivyonuka."

"Muhogo wa kuchemsha unanuka udongo uliolowa, wifi. Na mchele ule unanuka ghala." Akatikisa kichwa. "Nilikuwa nachukua korosho. Nilifunga vizuri."

"Na tende?"

Tende alikataa kwa kiapo. Tende, alisema, zinabaki na kokwa, na kokwa ni ushahidi. Tukatazamana, kisha tukatazama kwenye kona ya uani, kwenye chungu cha mrehani wa Mama, ambako kitinda mimba wangu wa miaka saba, aliyekuwa anasifiwa msikitini kwa kufunga kutwa nzima, alikuwa na mazoea mapya ya kumwagilia. Wifi akatia kidole kwenye udongo. Kokwa zilikuwa tele, amezifukia kwa mistari.

Usiku baada ya tarawehe tulikaa chumbani kwa Mama, wakubwa wote, na mtoto akaletwa kama shahidi. Ikabainika kwamba kila asubuhi moshi wa udi ukianza yeye alikuwa anaingia kwa bibi yake kumsindikiza, kwamba bibi alimkaribisha kwa sharti la kunyamaza, na kwamba wenzake wote walijua Bibi anaumwa na daktari kamkataza, kwa sababu mapatano yetu ya kitandani waliyasikia neno kwa neno juu ya ukuta. Walikuwa wanatuhurumia, alisema mtoto. Mume wangu alicheka hadi akatoka nje.

Mama hakucheka. Alikaa akitutazama mmoja mmoja kwa zamu, akipiga hesabu.

"Kwa hiyo nyote mlijua."

Tukanyamaza.

"Mimi nang'ata mofa kavu, natafuna kunde zisizo na kitunguu, nakula wali wa ghalani, na nyote mnajua?" Akanigeukia. "Mkwe wangu, kesho saa sita nataka dagaa. Wa kukaanga. Wa moto."

"Mama!" wifi akaruka. "Watu wamefunga! Na jirani je? Dirisha lake liko hapo."

"Jirani yupi, huyu wa ukutani?" Mama akajitengeneza mto. "Tangu kumi la mwanzo kila saa tano nanusa yai lake. Tena analipitiliza jikoni. Mwambie akija anichukulie ndimu."